Natangaza kipindi cha wakulima redio ya jamii. Nikasomee habari au kilimo? Naomba ushauri

Binti wa Kilolo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii mkoani Iringa. Kipindi changu ni cha wakulima na wasikilizaji wengi ni watu wa nyanya, vitunguu na mahindi. Nina astashahada ya uandishi wa habari. Kilimo nimekijulia shambani kwa mama na kwa kuuliza uliza tu.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikikaa studio na afisa ugani, anachosema nakimeza kilivyo. Swali la kwanza nauliza vizuri, la pili sina. Akisema "tumieni kiuatilifu sahihi kwa wakati sahihi" naitikia "asante sana mtaalamu" na kuweka muziki. Wakulima wanapiga simu baadaye wananiuliza mimi, na mimi sijui.

Nimewaza niende MATI, chuo cha kilimo cha serikali, nikachukue cheti cha kilimo. Meneja naye anasema sheria inataka stashahada ya habari, nisipoangalia nitakosa kitambulisho cha uandishi. Pesa niliyodunduliza inatosha kuanza kimoja, si vyote. Semina nazo zinakuja, hotelini, na posho yake, lakini nikirudi studio mambo ni yaleyale.

Juu ya hayo, kuna kampuni ya pembejeo inataka kudhamini kipindi, kwa sharti kwamba mtaalamu wao awe anakuja kila wiki. Meneja ameshafurahi. Mimi roho inasita.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Tenga

Siti ya mbele kabisa. Mimi ni mkulima wa nyanya, si mwandishi, ila nasikiliza sana redio nikiwa shambani. Nikupe malalamiko ya sisi wasikilizaji, uyafanye mtaala wako wa kwanza.

Mtaalamu akisema "zingatieni kanuni bora za kilimo", muulize hapohapo: kanuni ipi, mzee? Akisema "pulizia dawa", muulize mililita ngapi kwenye bomba la lita ishirini. Muulize nikishapulizia nakaa siku ngapi kabla ya kuchuma. Hapo kwenye siku za kusubiri ndipo watu wanalishana sumu, kwa sababu bei ikipanda Dar mtu anapulizia jana na leo anajaza tenga. Muulize rangi ya utepe kwenye kibandiko: nyekundu ni kali kuliko zote, kisha njano, kisha bluu, kijani ndiyo ya chini. Mkulima asiyejua kusoma anaweza kuiona rangi hiyo dukani, lakini redio haimwambii.

Huhitaji chuo kuuliza hayo. Chuo utaenda, ila wiki hii anza na hilo.

Kalamu ya Nyanda

Dada, mimi nimekaa chumba cha habari muda mrefu, nikahariri na kurasa za kilimo. Nitasema lisilopendeza: maliza stashahada ya habari kwanza.

Sababu si kwamba itakufundisha mengi kuhusu kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Haitakufundisha. Sababu ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake, zilizoweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kuitwa mwandishi wa habari. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wanaongezewa muda, wakazoea. Sasa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ipo na inafanya kazi. Ukiwa na cheti cha kilimo bila hicho, utakuwa bibi shamba mzuri asiye na kitambulisho cha kuingia kwenye mkutano wa waziri. Na wewe umeshapita astashahada, kwa hiyo umebakiza ngazi ya sita tu, ya stashahada. Ukienda MATI unaanza ngazi ya nne upya, na wale wanaangalia ufaulu wako wa sayansi kidato cha nne. Piga hesabu ya ada na miaka, utaona mwenyewe.

Hakikisha tu chuo unachokwenda kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe inatambuliwa. Angalia kwenye orodha yao, usiangalie bango la barabarani.

Kilimo jifunze ukiwa kazini. Hilo linawezekana, habari hii ya kitambulisho haina njia ya mkato.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu wa Kilolo, marahaba. Mimi nilikuwa upande ule wa pili wa maikrofoni. Kalamu ya Nyanda amesema kweli kuhusu stashahada, lakini hilo la "jifunze ukiwa kazini" amelipita haraka mno. Ndilo gumu.

Usijaribu kujifunza kilimo chote. Hakuna anayekijua. Mimi mwenyewe ukiniuliza mkonge sina la kusema. Chagua zao moja, na kwako liwe nyanya, kwa kuwa Ilula yenye nyanya nyingi iko mlangoni. Lijue kuanzia kitalu hadi sokoni kwa msimu mzima. Tafuta mkulima mmoja anayekubali uende shambani kwake mara kwa mara, uone mche ukioteshwa, uone kantangaze anavyochora jani na kutoboa tunda, uone mtego wa harufu unavyonasa madume. Uone na siku dawa inapogoma, kwa sababu mdudu yule amezoea dawa nyingi, na mkulima anachanganya tatu kwenye bomba moja kwa kukata tamaa. Ukishalijua zao moja kwa undani, maswali ya mazao mengine yatakujia yenyewe. Magonjwa ni tofauti, ila mpangilio wa maswali ni uleule: mbegu imetoka wapi, imethibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, au ni ya kuazimiwa, udongo umepimwa, maji yapo, nani ananunua.

Pili, jifunze hesabu. Watangazaji wengi mnaogopa hesabu na sisi wataalamu tunalijua hilo, tunapitia humohumo. Mtafiti atakwambia mbegu hii ya mahindi inatoa tani sita kwa hekta. Mkulima wako hajui hekta, anajua ekari na gunia. Hekta ni ekari mbili na nusu hivi. Tani moja kwa hekta ni kama gunia nne za kilo mia kwa ekari. Kwa hiyo tani sita ni gunia ishirini na nne. Ukishaligeuza hivyo, swali linakuja lenyewe: mzee, ishirini na nne hizo ni shambani kwa nani? Nyingi zinatoka shamba la majaribio, lenye mbolea kamili na palizi ya wakati. Muulize kwa mkulima wa kawaida aliyeweka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP ilikuwa ngapi. Atakohoa kidogo, halafu atakujibu vizuri, maana sasa anajua anaongea na nani.

Na ukiambiwa bei ya gunia, uliza gunia la kilo ngapi. Lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, imewala watu wengi kwa sababu waandishi wanatangaza "gunia elfu kadhaa" bila kusema uzito.

Tatu, nenda vituoni. TARI ni taasisi ya utafiti wa kilimo. TARI Uyole iko Mbeya, kanda yako hiyohiyo. TARI Tengeru ndiyo kiini cha mboga na matunda. Wakati wa maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, watafiti wote wamepanga mabanda, wako huru, hawana haraka. Waandishi huenda siku ya kilele kumsubiri mgeni rasmi. Wewe nenda siku za mwanzo, chukua namba za simu, uliza taratibu. Namba tano za watafiti wanaopokea simu zitakufaa kuliko semina nyingi za hotelini.

Chapati Kavu

Posho ya semina nayo ni maendeleo ya taaluma jamani 😂

Kalamu ya Nyanda

@Chapati Kavu, utani wako una ukweli mchungu. Ila si semina zote. Zile za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla ya kutangaza utabiri wa msimu ni za maana, dada usizikose zikija kanda yako. Wengi wanatangaza "mvua za wastani hadi juu ya wastani" na kuishia hapo. Wastani wa wapi? Wastani wa Iringa si wa Bukoba. Na wastani wa msimu mzima hausemi kama zitakatika katikati, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mamlaka hutoa pia tarehe za kuanza na kuisha na matarajio ya vipindi virefu vya ukavu. Huko ndiko kwenye kipindi chako, si kwenye kichwa cha habari.

Mama Kipaza

Niongezee upande wa redio yenyewe, maana hapa mnaongelea kilimo kama vile redio haina ufundi wake.

Kuna shirika linaitwa Farm Radio International, asili yake Kanada, na hapa Tanzania wamefanya kazi na redio nyingi. Mwanzilishi wake, George Atkins, alikuwa mtangazaji wa kilimo wa CBC, shirika la utangazaji la Kanada. Mwaka 1975 alikuwa Zambia na watangazaji wenzake, akamuuliza mmoja wao kipindi chake cha karibuni kilihusu nini. Akajibiwa: utunzaji wa plagi za trekta. Alipouliza ni wakulima wangapi wenye trekta, ikawa ni wachache sana, wengi walilimia ng'ombe au jembe. Mwaka 1979 akaanza kusambaza miswada ya redio yenye mambo ambayo mkulima mdogo anaweza kuyafanya. Mpaka leo miswada hiyo wanaitoa bure kwenye tovuti yao, na kuna miongozo ya namna ya kumhoji mkulima, kuendesha mjadala wa simu, na kupanga kipindi cha msimu mzima. Ukisoma hiyo kwa utaratibu, umepata kozi.

Halafu angalia saa ya kipindi. Kipindi cha nyanya kikiruka saa kumi na mbili jioni, mwanamke yuko jikoni, redio iko mfukoni kwa baba kijiweni. Waulize akina mama wa kikundi kimoja wanasikiliza saa ngapi, kisha kapambane na meneja. Sauti zao pia ziingie. Sikiliza vipindi vyako vya mwezi mmoja uhesabu: wakulima wangapi walizungumza, na kati yao wanawake wangapi?

Mtu wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Dada, usijifungie wilayani. Huku tuna chama kinaitwa MESHA cha wanahabari wa mazingira, sayansi, afya na kilimo. Kimataifa kuna shirikisho la waandishi wa habari za kilimo, IFAJ, na mkutano wao wa mwaka 2025 ulifanyika hapa Nairobi. Wana mafunzo na mashindano, fuatilia matangazo yao. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pia wana kozi za bure mtandaoni zenye cheti, ingawa nyingi ni za Kiingereza na zinakula bando.

Kwenu mna tuzo za EJAT za Baraza la Habari, na kilimo kina kundi lake. Hata kama hutashinda, kuandaa kazi ya kupeleka kule kunakulazimisha ufanye uchunguzi kamili badala ya mahojiano ya studio. Chukua mfano wa sumukuvu: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye ukungu. Habari ya namna hiyo inahitaji mtu anayeelewa ghala, unyevu, daktari na mkemia kwa pamoja. Mwandishi wa siasa hawezi kuiandika vizuri. Wewe unaweza.

Binti wa Kilolo

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mzee Bwana Shamba, ile hesabu ya hekta nimeiandika ukutani studio. Nimeamua stashahada ya habari, nitauliza chuo chenye masomo ya jioni au likizo ili nisiache kipindi. Na zao ni nyanya.

Ila hamjanijibu la mdhamini.

Kalamu ya Nyanda

Redio za jamii hazina pesa, kwa hiyo sitakwambia ukatae. Udhamini si dhambi. Tatizo ni kumpa mdhamini kiti cha mtaalamu. Mtu anayelipwa kuuza dawa hawezi kumwambia mkulima "msimu huu usipulizie, tega mtego kwanza".

Watenganisheni. Tangazo lao liwe tangazo, lisikike kwamba ni tangazo, mwanzoni na mwishoni. Mtaalamu wa kipindi mchague wewe: afisa ugani wa kata, mtafiti, wakati mwingine mkulima mzoefu. Mtu wa kampuni akija, aje kama mgeni na utambulishe anatoka wapi.

Bwana Shamba Mstaafu

Na akitaja dawa, mwambie ataje kilichomo ndani, kile kinachoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Majina ya biashara ni mengi, kilichomo mara nyingi ni kilekile, na mkulima anadhani amebadilisha dawa kumbe amebadilisha chupa tu. Kabla ya kipindi, hakikisha ipo kwenye orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na imesajiliwa kwa nyanya, si kwa pamba.

Binti wa Kilolo

Sawa mzee wangu. Meneja anasema kampuni imeleta mkataba wao tayari, na kuna kipengele kinachosema "maudhui ya kipindi yataridhiwa na pande zote mbili kabla ya kurushwa". Hiki nacho ni cha kawaida?

Mama Kipaza

Hapana, hicho kitolewe. Waandike kwamba wanaridhia tangazo lao tu, na maamuzi ya kipindi yanabaki kwa mhariri wa kituo. Nina mkataba wa zamani wa redio yetu uliokaa hivyo, nakutumia inbox usiku nikitoka kazini. Mpe meneja ausome kabla hajapokea malipo ya awali, akishapokea hatakuwa na nguvu ya kubadilisha hata koma.