Nguruwe mwitu wanafukua shamba letu Saskatchewan, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Kanada, jimbo la Saskatchewan, tunalima shayiri. Kinachotusumbua ni nguruwe mwitu wa Ulaya. Waliletwa huku miaka ya 1980 na 1990 wafugwe kwa ajili ya nyama. Soko lilipoanguka wengine wakaachiwa, na wapo waliokuwa wameshatoroka. Baridi haiwaui: wanakata matete, wanajenga kiota na kulala humo chini ya theluji.

Juzi nimekuta kona nzima ya shamba imefukuliwa kama imepita trekta, masuke yametafunwa na kutemwa. Jirani anataka tuwasake kwa bunduki. Mimi naogopa sana, maana ukiua wawili watatu, kundi linatawanyika, linaanza kutembea usiku tu, na balaa linahamia kwa wengine. Wataalamu wanashauri linaswe kundi zima kwa mtego mkubwa wa uzio.

Aliyewahi kutega hivyo, hata huko nyumbani kwa nguruwe pori, anisaidie: mahindi ya chambo mnaweka muda gani kabla ya kufunga lango? Na huyu jirani nimwambieje anielewe, tusije tukakosana? Mavuno yanakaribia.