Visa vya historia vya kuchekesha ambavyo ni vya KWELI, vileteni hapa

Mpenda_Kale:
Wakuu habari zenu. Nimechoka na zile "je wajua" zinazozunguka kila siku, mara Napoleon alikuwa mbilikimo, mara Waviking walivaa kofia za pembe, mara Einstein alifeli hesabu. Napoleon alikuwa na kama mita 1.68 hivi, urefu wa kawaida tu kwa Mfaransa wa enzi zile, zile pembe zimetoka kwenye mavazi ya opera karne ya 19, na Einstein hesabu alikuwa anaziweza tangu mdogo. Sasa nataka vile visa ambavyo ukisimulia watu wanakwambia acha uongo wewe, kumbe vimetokea, vina mwaka, vina mahali, wahusika wana majina. Mimi navyopenda zaidi ni vile ambavyo watu wazima na vyeo vyao wamekaa kikao, wakajadili, wakapitisha, af kilichopitishwa ni kituko kitupu.

Natangulia na changu. Mwaka 1932 Australia, wilaya ya Campion huko Western Australia, askari waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa wamepewa mashamba walime ngano. Bei ya ngano ikaporomoka, ruzuku ya serikali haionekani, na juu ya hayo yote emu kama 20,000 wakavamia mashamba (emu ni yule ndege mkubwa asiyeruka, ndugu yake mbuni). Wakulima wakatuma ujumbe kwa Waziri wa Ulinzi, George Pearce, na hawakuomba sumu wala uzio. Waliomba bunduki za rashasha, maana kule vitani walishaona kazi yake. Na waziri akakubali!! Akampeleka Meja Meredith na askari wake, bunduki mbili aina ya Lewis, risasi 10,000, na mpiga picha za sinema juu ili ushindi urekodiwe.

Tarehe 4 Novemba wakavizia karibu na bwawa, emu zaidi ya 1,000 wanakuja wenyewe. Jamaa wakatulia mpaka ndege wakafika karibu kabisa, wakafyatua, wakaangusha kama 12 hivi, bunduki ikakwama. Waliobaki wakatawanyika kila upande. Baadaye Meja akapata wazo, tufunge bunduki juu ya lori tuwakimbize. Lori likawa haliwafikii emu na linaruka ruka kwenye mashimo mpaka mpiga bunduki hakuweza kufyatua hata risasi moja. Tarehe 8 wakaondolewa, bungeni wakawa gumzo, baadaye mwezi huohuo wakarudishwa tena. Ripoti ya mwisho ya Meja ilisema emu 986 wameuawa kwa risasi 9,860.

Haya endeleeni.

Kaka_Nyuki:
Hahahaha subiri kwanza mkuu, ndege 986 risasi 9,860? Yaani risasi kumi kamili kwa kila ndege, haikuzidi wala kupungua? Hiyo ripoti imepikwa mezani, huyo Meja hakuhesabu ndege hata mmoja.

Mpenda_Kale:
@Kaka_Nyuki ndo hapo sasa. Na kilichokuja kusaidia ni kuwalipa wakulima wenyewe kwa kila emu wanayemuua. Mwaka 1934 ndani ya miezi sita tu yakalipwa malipo ya ndege 57,034. Jeshi zima likaachwa mbali na watu wenye bunduki zao za kawaida.

Bibi_Mkimbiaji:
Mimi nimekaa sana kwenye riadha kwa hiyo nawaletea marathoni ya Olimpiki ya 1904 kule St. Louis, Marekani. Mkiisoma msicheke mkiwa mnakula.

Kwanza wameianzisha mchana, joto nyuzi 32, barabara za vumbi tupu, af mbele ya wakimbiaji yanatangulia magari ya waamuzi na madaktari, kwa hiyo vumbi lote linawarudia wakimbiaji usoni. Mmoja, William Garcia, vumbi lilimuumiza tumbo mpaka akaanza kutapika damu, nusura afe. Maji je? Maji ya uhakika yalikuwa kwenye kisima kimoja tu, kwenye kama kilomita 19, na hakuna aliyesahau kuyaweka, mwandaaji mkuu James Sullivan alifanya makusudi kwa sababu alitaka kuona mwili unafanyaje ukinyimwa maji. Walianza 32 wakamaliza 14.

Wa kwanza kuingia uwanjani akawa Fred Lorz, watu wakashangilia, binti wa rais, Alice Roosevelt, akajiandaa kumvika taji. Kumbe jamaa alipata mkazo wa misuli njiani akapanda gari kama kilomita 17 hivi, huku anawapungia mkono watazamaji na wakimbiaji wenzake! Gari lenyewe lilipoharibika ndo akashuka akamalizia kwa miguu. Alipobanwa akasema alikuwa anatania. Wakamfungia maisha, baadaye wakamsamehe, na mwaka 1905 akashinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa aliyepewa ushindi, Thomas Hicks. Huyu wasaidizi wake walimkatalia maji wakawa wanampangusa mdomo tu kwa sponji, halafu wakampa striknini iliyochanganywa na ute wa yai. Ndiyo, striknini hiyohiyo ya kuulia panya, enzi zile kidogo kidogo walikuwa wanaihesabu kama dawa ya kuongeza nguvu, na haikuwa imekatazwa. Wakamwongeza tena, safari hii na brandi juu. Kilomita za mwisho jamaa anaona vitu visivyokuwepo, pale mwishoni wasaidizi wamemshika huku na huku, miguu inachezacheza tu hewani kama anakimbia. Saa 3 dakika 28 na sekunde 53, medali ya dhahabu hiyo.

Na kuna Félix Carvajal, tarishi wa posta kutoka Cuba. Pesa za safari alichangiwa, akafika New Orleans akazimaliza zote kwenye kamari ya dadu. Alifika mstari wa kuanzia na suruali ndefu, mwanariadha mwenzie akamkata kwa mkasi ikawa kaptula. Njiani njaa ikamkamata akaingia kwenye shamba la matofaa, yakamvuruga tumbo, akajilaza kidogo, akaamka akaendelea na BADO akawa wa nne!! Huyu kwangu mimi ndo bingwa wa siku ile.

Nisiwasahau Waafrika wa kwanza weusi kukimbia Olimpiki, Len Taunyane na Jan Mashiani wa Afrika Kusini. Walikuwa pale St. Louis kwa ajili ya maonyesho ya dunia, kwenye igizo la Vita ya Makaburu, wakaingia tu mbio. Mashiani akawa wa 12. Taunyane akawa wa tisa, na angeweza kufika mbele zaidi kama si mbwa aliyemkimbiza nje ya njia zaidi ya kilomita nzima.

Kifaru_Mpole:
Dada @Bibi_Mkimbiaji umeniua, nimeirudia sehemu ya mbwa. Huyo Hicks baada ya hapo aliishi au ndo basi?

Bibi_Mkimbiaji:
@Kifaru_Mpole aliishi mzee, sema madaktari walimhudumia kwanza ndo akaweza kutoka uwanjani. Alipungua kilo zaidi ya tatu siku ile moja.

mtaalamu_wa_jioni:
Kwa kuwa tupo kwenye marathoni, niwape ndefu kuliko zote. Shizo Kanakuri wa Japani, Stockholm 1912. Alisafiri siku 18 kwa meli na treni kufika, akafika amechoka, siku ya mbio joto kali, katikati ya safari akazidiwa. Akaingia kwenye bustani ya familia moja, wakampa kinywaji, akapumzika, akaona aibu, akarudi kwao kimyakimya bila kuwaambia waamuzi. Waswidi wakamwandika kwamba hajulikani alipo. Na hapa ndo pananichekesha, jamaa alikuja tena kukimbia Olimpiki ya 1920 Antwerp akawa wa 16, wala hakujificha, ila kwenye makaratasi ya Stockholm bado yuko njiani! Mwaka 1967 wakamwita aje amalizie. Akaja, mzee wa miaka 75, akakimbia mpaka utepe, muda wake rasmi ukatangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3. Hiyo .3 ndo imenimaliza mimi. Akawaambia safari ilikuwa ndefu, katikati ameoa, amepata watoto sita na wajukuu.

ShabikiWaVita:
Mimi nakuja na vita ya ndoo. 1325 Italia, watu wa Modena waliwaibia Bologna ndoo ya kisimani, Bologna wakasema rudisheni, Modena wakagoma, wakapigana watu wakafa kwa ajili ya NDOO.

Mpenda_Kale:
@ShabikiWaVita mkuu hiyo ni ya kweli nusu, ndo zile nilizozikimbia. Vita ilikuwepo, ilipiganwa Zappolino Novemba 1325, lakini chanzo ni ugomvi wa muda mrefu wa upande wa Papa na upande wa Kaisari, miji ya pale ilikuwa inauana kwa hilo miaka nenda rudi. Modena walishinda, wakawafukuza wenzao mpaka kwenye malango ya Bologna, hapo ndo wakabeba ndoo ya kisima kama kejeli. Kwa hiyo ndoo ilikuja mwishoni. Karne ya 17 mshairi mmoja akatunga utenzi wa mzaha akaigeuza kuwa chanzo, na watu wakashika hiyo. Ila mpaka leo Modena ndoo wanayo na wanaionyesha kwa wageni, kwa hiyo kejeli imeishi kuliko vita.

Mwana_wa_Pwani:
Ya Zanzibar 27 Agosti 1896 wote tunaijua, vita ya Waingereza na Zanzibar, fupi kuliko zote, kama dakika 38, sitairudia. Ninachotaka kusema ni kilichofuata ambacho watu hawakisimulii. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila Waingereza kumtaka, alivyoona jumba linabomoka kwa mizinga akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje, akitoa mguu tu wanamkamata. Wajerumani nao hawataki kumtoa. Wakakaa hivohivo zaidi ya mwezi, huyu anachungulia dirishani wale wanachungulia getini. Tarehe 2 Oktoba maji ya bahari yakajaa mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikasogea mpaka pale langoni, Khalid akavuka moja kwa moja kutoka bustanini kuingia ndani ya mashua. Mguu haukugusa ardhi ya Zanzibar, kisheria hakuna wa kumkamata. Huyo, Dar es Salaam! Waingereza walikuja kumpata 1916.

Kaka_Nyuki:
Aliyepiga hesabu ya maji kujaa na kupwa ndo alistahili usultani.

Katekista_Mtoro:
Mkuu kwenye kikao cha vituko nadhani Roma wanachukua kombe. Januari 897 Papa Stefano VI aliamuru mmoja wa watangulizi wake, Papa Formosus, afukuliwe kaburini. Alikuwa amekufa miezi kadhaa. Wakamvisha mavazi ya kipapa, wakamkalisha kwenye kiti, wakafungua mashtaka. Na kwa sababu mshtakiwa hawezi kujibu, akawekwa shemasi amjibie. Fikiria wewe ndo huyo shemasi, umesimama pembeni ya maiti, Papa anaipigia kelele "kwa nini ulihama jimbo lako ukaja Roma", inabidi wewe ndo useme kitu.

Maiti ikakutwa na hatia bila shaka, matendo yake yote yakafutwa, vidole vitatu vya mkono wa kulia alivyokuwa anabarikia vikakatwa, mwisho mwili ukatupwa mto Tiber. Kulikuwa na siasa nyuma yake maana Formosus alimtia taji mfalme ambaye kundi la pili hawakumtaka. Lakini cheki hii: kosa kubwa lilikuwa ni askofu kuhama jimbo kwenda jingine, na Stefano mwenyewe alikuwa askofu wa Anagni, aliyempa uaskofu ni huyohuyo Formosus! Matendo ya Formosus yakifutwa, basi Stefano hakuwahi kuwa askofu wa Anagni, kwa hiyo hajahama jimbo lolote. Amemfukua mtu amsafishie faili. Haikumsaidia, mwaka huohuo akang'olewa, akatupwa gerezani akanyongwa.

Kifaru_Mpole:
Hii ya maiti ni ya kuchekesha au ya kutisha? Maana nimecheka af nikajishtukia.

mtaalamu_wa_jioni:
Waswidi nawarudia tena, hawa watu wana kesi nyingi. Walikuwa wanataka kuhama kalenda ya zamani kwenda hii ya sasa, tofauti ilikuwa siku 11 hivi. Wengine wanaruka siku zote kwa mpigo, wao wakasema hapana, twende taratibu, tangu 1700 mpaka 1740 tutafuta kila tarehe 29 Februari tutafika wenyewe. Mwaka 1700 wakaifuta. Ikaja vita na Urusi, 1704 wakasahau, 1708 wakasahau tena. Wakawa na kalenda yao peke yao, hawako na wa zamani hawako na wapya, siku moja mbele ya hawa na siku kumi nyuma ya wale. Mfalme Karl XII akaona isiwe tabu, turudi tulikotoka, na kurudi ilibidi waongeze siku moja. Kwa kuwa 1712 ulikuwa tayari mwaka mrefu, wakapata tarehe 30 Februari. Ipo kabisa kwenye almanaka zao. Mwaka 1753 ndo wakaruka siku 11 kwa mpigo, kile walichokikataa mwanzo.

Bibi_Mkimbiaji:
Mtu azaliwe 30 Februari 1712 af aeleze watu tarehe yake...

ShabikiWaVita:
Haya nimerudi na hii mwanahistoria @Mpenda_Kale hutaikosoa. 15 Juni 1859, kisiwa cha San Juan kati ya Marekani na Kanada ya Mwingereza, mpaka haueleweki kwa sababu mkataba wa 1846 ulisema unapita "kwenye mlangobahari" na milangobahari iko miwili. Mmarekani Lyman Cutlar akamkuta nguruwe wa kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay anakula viazi vyake, akampiga risasi. Akajitolea kulipa dola 10, wenye nguruwe wakataka 100. Wakamtishia kumkamata, Wamarekani wakaita jeshi lao, Waingereza wakaleta manowari, kufika Agosti kuna Wamarekani 461 na mizinga 14 ufukweni, baharini meli 5 za vita na watu zaidi ya 2,000. Gavana wa Kiingereza akamwamuru Admirali wao Baynes ashushe askari, admirali akagoma, hawezi kuingiza mataifa mawili makubwa vitani kwa ugomvi wa nguruwe. Wakakubaliana kila upande uweke kambi yake kisiwani, wakakaa miaka 12 wanaalikana sikukuu na kushindana michezo. Mwaka 1872 Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani ndo akaamua kisiwa ni cha Marekani. Aliyekufa kwa risasi vita nzima ni nguruwe.

Mpenda_Kale:
@ShabikiWaVita hii umeileta vizuri, sina neno. Sema kote huko mpaka kwa Kaisari, sijaona mahali mtu anauliza habari za viazi vya Cutlar.