Mkataba wa matengenezo wa dola 9,800 kwa gari-nyumba lililotumika: tununue au tuache?

Muuguzi Mstaafu, Minnesota

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi na mume wangu tumestaafu, na tumekaribia kununua gari-nyumba lililotumika, toleo la 2022, la daraja C, yaani lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Limejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450 yenye injini ya V8 ya lita 7.3, na limetembea maili 31,000. Bei tumeshaelewana. Nia yetu ni kuikimbia baridi ya huku kwa kukaa Arizona wakati wa kipupwe, kisha majira ya joto tuzunguke kwa watoto.

Tulipoingia ofisini kutia saini, ofisa wa fedha alitupendekezea mkataba wa ziada wa matengenezo wa miaka 5 kwa dola 9,800, yaani ahadi ya kutulipia gharama vifaa vikiharibika, ambao alisema ungeingizwa katika mkopo wetu wa miaka 15 wenye riba ya asilimia 8.5, na kwamba bei hiyo ni ya siku hiyo tu. Tulipoomba kuusoma mkataba wenyewe tulipewa kipeperushi chenye picha za jenereta, friji na kiyoyozi, kila picha ikiwa na alama ya vema. Mume wangu anaona tuuchukue kwa kuwa hatujui ufundi na tutakuwa ugenini muda mwingi. Mimi nasita. Naomba mnishauri: je, mikataba hii inalipa kweli, na mtu aangalie nini kabla ya kuamua?

Mhasibu, Georgia

Shikamoo mama. Nianze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo ambalo ofisa huyo hakuwaeleza. Dola 9,800 kwa riba ya asilimia 8.5 kwa miaka 15 ni takribani dola 96.50 kila mwezi, na mkopo utakapomalizika mtakuwa mmeulipia mkataba huo peke yake zaidi ya dola 17,300. Mwisho wa mwaka wa tano, mkataba utakapokuwa umeisha muda wake, mtakuwa bado mnadaiwa kama dola 7,780 kwa ajili yake. Hata mkiufuta mapema, fedha zinazorejeshwa kwa kawaida humwendea mkopeshaji ili kupunguza deni, na malipo yenu ya mwezi hubaki yaleyale. Kwa hiyo, mkiamua kuununua, lipeni taslimu au msiununue kabisa.

Hilo la bei ya siku moja lisiwatishe. Muuzaji huongeza faida yake juu ya bei anayopewa na kampuni ya mkataba, na faida hiyo hujadiliwa kama bei nyingine yoyote. Aidha, yapo makampuni yanayouza mikataba ya aina hii moja kwa moja kwa mwenye gari, mradi gari halijapita umri na maili wanazoziweka.

Jambo la pili ni kujua nani atalipa. Katika mkataba mmoja mara nyingi mna watu watatu: aliyekuuzia, msimamizi anayepokea na kuamua madai, na kampuni ya bima iliyo nyuma yao. Jina la huyo wa tatu ndilo la kutafuta kwanza, kisha mkaulize katika idara ya bima ya jimbo lenu kama anatambulika. Mwaka 2003 kampuni ya National Warranty, iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman na kufanya kazi zake kutoka Lincoln, Nebraska, iliingia katika ufilisi, na kwa kuwa ilikuwa imeundwa kama kikundi cha kubeba hatari kwa pamoja, haikuwa chini ya mifuko ya majimbo inayowafidia wateja wa bima kampuni inapoanguka. Mwaka 2010 ikafuata US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa ikiuza mikataba ya magari kwa simu nchi nzima. Na Julai 2024 CarShield, nayo muuzaji wa mikataba ya magari, ilikubali kulipa dola milioni 10 ili kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja.

Fundi wa Magari-nyumba, Arizona

Mama, karibu Arizona. Hesabu za ndugu yangu sina la kuongeza, ila mimi nitazungumzia gari lenyewe, maana watu hununua mkataba wakiogopa injini ilhali injini ndiyo yenye hofu ndogo. Ford hutoa waranti ya injini na giaboksi ya miaka 5 au maili 60,000, kutegemea kipi kitatangulia, na waranti hiyo hulifuata gari hata likibadilisha mwenyewe. Chukueni namba ya chesisi mwende kwa wakala wa Ford awaambie ilianza tarehe ngapi na imebaki muda gani. Kwa namba hiyohiyo mnaweza kuangalia katika tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa barabarani, kama kuna marekebisho ya usalama ambayo hayajafanywa. Hayo hufanywa bila malipo.

Vinavyoharibika ni vya upande wa nyumba: kiyoyozi cha darini, friji, tanuru la gesi, pampu ya maji, jenereta, jeki za kusawazisha gari, na mota za vyumba vinavyosogea nje. Hivi kwa kawaida mkataba mzuri huvilipia. Lakini ugonjwa unaoua magari-nyumba ni maji ya mvua, na kuvuja kwa paa, kuoza kwa mbao na kuta kubanduka tabaka ni mambo ambayo karibu kila mkataba niliowahi kuletewa dirishani umeyakataa. Vivyo hivyo matairi, betri, mabomba yaliyopasuka kwa kuganda (na nyinyi mnaishi Minnesota), uchakavu wa kawaida, na hitilafu iliyokuwapo kabla ya kununua. Hii ya mwisho ndiyo huleta ugomvi mwingi.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania mkataba, mlipeni mkaguzi huru. Kazi hiyo hugharimu mamia kadhaa ya dola hadi elfu moja na ushei, na ripoti yake itawasaidia baadaye kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa kizima siku mliponunua. Ninyi wenyewe pandeni kwenye kile kitanda cha juu ya dereva, mbonyeze ukuta kwa kiganja kwenye kona za mbele na chini ya madirisha. Ukibonyea kama mkate uliolowa, ondokeni. Kama friji ni ile ya kutumia gesi na umeme, fungueni kifuniko chake cha nje mchungulie mabomba: unga wa manjano au harufu ya amonia ina maana kwamba kitengo cha kupoza kinavuja, na kukibadilisha si kazi ya fedha ndogo.

Dereva wa Masafa, Texas

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini sikubaliani na mwelekeo wa kuukataa moja kwa moja. Mimi nina gari la daraja A la dizeli, yaani lile kubwa lenye umbo la basi, ambalo waranti zake za kiwandani ziliisha zamani, na mkataba wangu umekwisha kunilipia pampu ya jeki, kiyoyozi cha mbele na kazi ya mfumo wa moshi wa injini. Jumla imepita nilichotoa. Tofauti ni kwamba niliununua mwenyewe baada ya kusoma kila ukurasa, na ni ule unaotaja visivyolipiwa, kisha kila kingine kinalipiwa. Mkataba unaoorodhesha vinavyolipiwa ni mtego, kwa sababu waya au kifaa kidogo cha kuhisi kisichotajwa kitakuangukia wewe.

Mambo ya kutafuta katika maandishi: je, mchango wenu, yaani sehemu ya gharama mnayotoa wenyewe, ni kwa kila safari ya gereji au kwa kila kifaa? Je, kuna kikomo cha malipo ya fundi kwa saa? Huku naona gereji zinazotoza zaidi ya dola 180, na mkataba ukiishia 140, inayobaki ni yenu. Je, fundi anayewafuata kambini anakubaliwa? Na msiguse chochote kabla ya kupata kibali chao, kwa sababu gari likishatengenezwa hawalipi. Tunzeni risiti zote za sevisi. Kama mna wazo la kulikodisha gari wakati hamlitumii, ulizeni mapema, kwa kuwa mikataba mingi hufutika hapo.

Muuguzi Mstaafu, Minnesota

Marahaba wanangu, nawashukuru sana. Tumeupata mkataba kamili, baada ya kusema kwamba hatutasaini chochote bila kuusoma. Ni wa kuorodhesha vinavyolipiwa, mchango ni dola 200 kwa kila kifaa, na fundi wa kutembea hakubaliki mpaka waidhinishe kwa maandishi. Jana walinipigia simu wakasema bei sasa ni dola 6,900. Mume wangu amekubali tumlipe mkaguzi kwanza. Swali langu lililobaki ni moja: tukikataa leo, je, tunapoteza haki yoyote kisheria?

Mhasibu, Georgia

Mama, kushuka kwa dola 2,900 kwa simu moja kumekujibu sehemu ya swali la kwanza. Kuhusu haki, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inasema kwamba muuzaji akiingia nanyi mkataba wa huduma siku ya mauzo au ndani ya siku 90 baada yake, hawezi kukana dhamana ambayo sheria inaichukulia kuwa ipo hata isipoandikwa, yaani kwamba kitu kilichouzwa kinafaa kwa matumizi yake ya kawaida. Lakini hilo hufanya kazi pale tu muuzaji mwenyewe anapokuwa ndiye mwenye mkataba. Akiwa wakala anayeuza karatasi za kampuni nyingine, kama wengi wanavyofanya, ana njia ya kukwepa. Angalieni jina lililo kwenye sahihi.

Jueni pia kwamba ile karatasi ya dirishani ambayo sheria ya shirikisho inawalazimisha wauzaji wa magari yaliyotumika kuibandika, inayosema kama gari linauzwa na waranti au bila, haihusu magari yenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa pauni 8,500 au zaidi. E-450 ni 14,500. Kwa hiyo ahadi yoyote ya mdomo kuhusu paa au jenereta iandikwe katika hati ya mauzo.

Kwa gari lenu, na kwa mkataba huo mliouelezea, mimi ningekataa hata kwa dola 6,900, ningefungua akaunti ya akiba nikaanza na dola 3,000 na kuongeza 150 kila mwezi. Kama mzee bado ana wasiwasi baada ya ripoti ya mkaguzi, tafuteni ule wa aina aliyoitaja ndugu wa Texas, wenye siku 30 za kurejeshewa fedha zote, na muununue kabla waranti ya Ford haijaisha, kwa sababu baada ya hapo makampuni mengine hupandisha bei au hutaka ukaguzi mwingine.