Tupeane uzoefu: daktari wa mifugo akikwambia umnunulie mbwa au paka chakula fulani, huwa unamwamini?

Mama Bosi

Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa, chotara wa German Shepherd, anaitwa Bosi, ana miaka minne. Tunaishi Kimara. Mwezi wa nne alianza kujikuna, tena si kujikuna kwa kawaida. Alikuwa anajing'ata juu ya mkia mpaka manyoya yakaisha na ngozi ikawa kama imemwagiwa maji ya moto.

Nikampeleka kliniki. Daktari alimtazama akiwa bado nyuma ya gari, hakumgusa. Akasema ni aleji ya chakula, aache dona na dagaa leo hii, ale chakula maalumu cha ngozi. Chakula chenyewe kimepangwa nyuma ya kiti chake, mifuko imejaa mpaka dirishani. Bei sitaitaja, mume wangu huwa anapita humu.

Nilinunua mifuko miwili. Bosi akanenepa, akang'aa, kujikuna palepale. Jirani akanipeleka kwa daktari mwingine, mzee mmoja, ofisi yake haina hata feni. Huyo alitoa kitana cha meno membamba, akamchana pale juu ya mkia, vumbi jeusi likaangukia kwenye karatasi ya chooni aliyokuwa ameilowesha. Tukasubiri kidogo. Yale madoa meusi yakaanza kuchuja rangi ya kutu. Akaniambia, "Mama, hii ni damu ya mbwa wako, imepita tumboni mwa kiroboto." Akatoa dawa ya viroboto, tukafua tandiko, tukapulizia banda. Wiki ya tatu, kimya.

Sasa linalonichanganya: wakati natoka, mzee huyohuyo akaniambia dona ninalompa Bosi niliache. Na yeye hauzi chakula! Nikabaki nimeduwaa. Nimwamini nani?

Tupeane uzoefu, wa paka pia mnakaribishwa. Wale wa "mbwa ni mbwa, mpe makombo", naomba mpite kimya.

Kijiwe Namba 3

Mbwa ni mbwa, mpe makombo.

Mama Bosi

Nilijua tu utakuja.

Mwenye Bucha

Mimi nina bucha Arusha, kwa hiyo mbwa wangu alizaliwa peponi. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, nikasema huyu hatajua ugali. Steki asubuhi, steki jioni, bila mfupa, nisije nikamkwamisha koo. Wateja wakawa wananitania kwamba mbwa anakula vizuri kuliko wao.

Alipofika miezi minne akaanza kuchechemea. Halafu miguu ya mbele ikapinda, matege kabisa, kama mtoto. Nikajua ameanguka, nikamfunga kitambaa. Daktari alipokuja akamshika mguu mmoja mmoja, akamfungua mdomo, kisha swali la kwanza: anakula nini? Nikajibu kwa kiburi, nyama tupu. Akacheka. Akasema nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, kwa hiyo mwili unaenda kuichukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Akanishauri mfuko wa chakula cha watoto wa mbwa.

Moyoni nikasema huyu naye kaja kuniuzia. Nilinunua kwa hasira, sehemu nyingine kabisa, ili asipate hata senti. Ndani ya wiki chache mbwa akasimama. Mguu wa kushoto haukunyooka sawasawa mpaka leo, lakini anakimbia. Mwenye bucha nimefundishwa nyama na mtu mwingine.

Omena wa Nairobi

Naomba kuuliza kwanza, hao mnaowaita daktari mmewahi kuona leseni? Huku kwetu nusu ya "madaktari" ni muuzaji wa agrovet, duka la dawa za mifugo, aliyevaa koti jeupe. Wa mtaani kwetu aliniuzia chakula cha mbwa nimlishie paka, akasema ni kitu kimoja, tofauti ni picha tu. Uliza kama amesajiliwa na bodi. Ukimwuliza na anakasirika, umepata jibu.

Mwana wa Kibokoni

Mie nina paka dume, amehasiwa, mnene, mvivu, chakula chake samaki na vibiskuti vya dukani. Siku moja namwona aingia kwenye mchanga wake, achuchumaa, atoka, arudi tena, hakuna kitu. Nikapiga simu kliniki. Nikaambiwa hayo ni mambo ya mkojo, njoo uchukue chakula cha mkojo. Nikaenda, nikalipa, nikarudi.

Siku ya pili hakula chochote, si hicho wala samaki. Jioni akatapika. Nikamshika tumbo, gumu kama dafu. Nikampeleka kwa daktari mwingine mbio, usiku, nimemfunika kwa kanga. Huyo akanigombeza kabla hata ya salamu. Kumbe paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, ikiziba hana siku nyingi, na aliyeziba hatibiwi kwa chakula. Akamlaza, akampitishia mrija, mkojo ukatoka umechanganyika na damu.

Baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaona vitu ving'aavyo, vimekaa kama vifuniko vya jeneza, ndivyo alivyonambia na kweli ndivyo vilivyo. Akasema hizo ni fuwele za mkojo, chakula huzizuia na huziyeyusha. Kuna nyingine zina umbo la bahasha, hizo hata umlishe mwaka mzima haziyeyuki, jiwe likikua ni kisu.

Kisha akaniandikia chakula. Jamani, mfuko ni uleule! Jina lile, rangi ile. Nilikuwa nao nyumbani, nimeufungua nusu.

Kijiwe Namba 3

Sasa hapo tumwamini nani, mfuko?

Dada wa Minnesota

Mimi nilikuwa upande wa kutowaamini kabisa, na nilikuwa na sababu. Huku Marekani kampuni ya Mars, hiyohiyo ya chokoleti, inamiliki Royal Canin, tena inamiliki minyororo ya hospitali za wanyama. Banfield ni yao tangu 2007, VCA waliinunua 2017. Yaani unatibiwa dukani kwa mwenye duka. Nilipolijua hilo nikamwambia mume wangu hawa watu hawatuoni tena.

Nikaanza kununua chakula kisicho na nafaka, kimejaa dengu na njegere, bei yake kubwa na mfuko una picha ya mbwa mwitu mlimani. Mbwa wetu ni Golden Retriever. Daktari wake aliniambia mara mbili hakipendi hicho chakula. Nikamwona ni wakala.

Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatangaza inachunguza mbwa waliotanuka moyo wakiwa wanakula vyakula vya aina hiyo. Nikampeleka kimya kimya, nikiomba Mungu daktari asikumbuke maneno yangu. Akapimwa moyo kwa mashine ya mawimbi. Moyo umetanuka. Alipewa dawa, tukabadili chakula, na baada ya miezi kadhaa picha ikaonyesha umerudi kiasi.

Niseme ukweli wote: Desemba 2022 mamlaka hiyo ilisema haitaendelea kutoa taarifa za mara kwa mara mpaka pawe na jambo jipya la kisayansi. Hawakuthibitisha kwamba dengu ndiyo kisababishi. Kwa hiyo siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba daktari niliyemwita wakala hakuniambia "nilikwambia". Na chakula alichotupendekezea hakikuwa cha Mars.

Daktari wa Morogoro

Nimesoma kimya, sasa naona niseme. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ndiyo, nauza chakula. Faida ipo. Mfuko mmoja unanipa zaidi ya ada ya kumpima mnyama. Na mjue kwa nini: mteja akiambiwa elfu kumi na tano ya kumwona daktari anang'aka, "umemtazama tu!" Mfuko wa laki analipa bila neno, kwa sababu anaubeba mkononi. Hata hivyo yule aliyemtibu Bosi akiwa nyuma ya gari simtetei. Aleji ya chakula haijulikani kwa macho. Unamlisha mnyama chakula kimoja tu wiki nane hivi, kisha unamrudishia cha zamani uone kama anaanza tena. Na kabla ya yote unaondoa viroboto.

Lingine la kukiri, darasani ng'ombe na kuku walichukua muda mwingi, lishe ya mbwa na paka ilipita haraka. Mengi nimejifunza baadaye, na baadhi kwenye semina zenye chai ya kampuni za chakula. Lakini msidhani chakula cha tiba kilibuniwa na wachuuzi. Mwaka 1939 daktari wa mifugo Mmarekani, Mark Morris, alimtengenezea chakula mbwa wa kumwongoza kipofu, Buddy, aliyekuwa na ugonjwa wa figo. Kampuni ya chakula ya Hill's iliingia baadaye, 1948, ikaanza kukitengeneza kwa ajili yake.

Paka nao si mbwa wadogo. Mwili wao hautengenezi taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, ya kutosha, lazima waile, na mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba upungufu wake unatanua moyo wa paka. Mkiwachemshia dagaa msimwage yale maji, sehemu ya taurini imo humo. Na Omena, huyo wa agrovet mwambie.

Mama Bosi, kuhusu dona. Mzee yuko sahihi, nadhani najua kwa nini, ila nijibu kwanza: unanunua wapi, na ni dona gani?

Mama Bosi

Dona la mbwa, daktari. Pale mashineni wanaliuza hivyohivyo, "dona la mbwa", bei nusu.

Daktari wa Morogoro

Ndilo hilo. Hayo ni mahindi yaliyobaki, yaliyolowa, yaliyoota ukungu. Yana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ini lake ni dhaifu kwa sumu hiyo kuliko wanyama wengi. Tena kupika hakuiondoi, usiseme nitalichemsha sana. Kama utampikia, mpe dona mnalokula ninyi, na nyama au dagaa iwe ya kutosha, si ya harufu tu. Usipoweza, hapo ndipo mfuko una maana. Akianza kukataa chakula au macho kuwa ya njano, usisubiri.

Mama Bosi

Nimerudi wakuu. Asubuhi nimepita mashineni. Nikamwuliza kijana wa pale, hili dona la mbwa mnalitoa wapi? Akaangalia nyuma kama kuna bosi wake. Akasema, "Mama, tunafagia chini, na yale ya magunia yaliyonyeshewa. Mimi hata kuku wangu siwapi."

Kilo nane zilizobaki nimezifukia, Bosi amesimama pembeni ananiangalia. Macho yake ni meupe, nimeyakagua mara tatu. Kesho tunaenda kwa mzee kupimwa ini, na safari hii ada nalipa bila kung'aka.