Wauzaji wa transfoma za amplifaya, andikeni volti za kweli!

Wakuu, nimechoshwa na wauzaji wanaobandika kwenye transfoma karatasi ya "15-0-15, 5A" (yaani volti 15 kila upande wa waya wa katikati, na ampea 5) bila neno lingine lolote, kisha wanamwachia mnunuzi hasara yote. Nilikuwa naunda amplifaya ndogo ya IC (chipu za kukuza sauti) mbili za TDA2030A, ambazo ukomo wake ni volti 22 chanya na 22 hasi, na nilimweleza muuzaji hivyo kabla sijalipa. Alinihakikishia kwamba 15 iko mbali na 22. Nilipowasha, IC moja ilipasuka, umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) ukaingia moja kwa moja kwenye spika, na koili yake ikaungua.

Anayeuza transfoma kila siku hana udhuru wa kutoijua hesabu hii. Hiyo 15 ni ya AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, kama wa ukutani), na ikishapita kwenye dayodi na kujaza kapasita hupanda hadi kilele chake, yaani unazidisha kwa 1.41 na kuondoa karibu volti moja inayoliwa na dayodi, unabaki na volti 20 hivi za DC kila upande. Hapo IC ingesalimika. Lakini transfoma hii ilisukwa kwa umeme wa volti 220 ilhali umeme wetu Tanzania ni 230, na tena namba inayoandikwa huwa ni ya wakati transfoma imebeba mzigo wake kamili, jambo ambalo amplifaya iliyo kimya hailifanyi kamwe. Nilipoipima ikiwa haina mzigo, multimita ilisoma volti 18 za AC kila upande, ambazo ni zaidi ya 24 za DC. IC ingeponaje?

Hiyo "5A" nayo ni uongo mtupu. Volti 30 (15 za kila upande) kwa ampea 5 ni VA 150 (VA ni volti mara ampea, yaani uwezo wa transfoma), na transfoma ya ukubwa huo huzidi kilo moja. Hii niliyouziwa haifiki hata nusu kilo. Transfoma ndogo yenye waya mwembamba ndiyo hasa inayopandisha volti isipokuwa na mzigo, kisha inaziporomosha volti hizo pale besi inapogonga, hivyo mnunuzi anapunjwa mara mbili.

Nilipoirudisha niliambiwa kwamba umeme wa mtaani kwetu ni mkubwa. Ukutani nilipima 232, kiwango cha kawaida kabisa.

Ninachodai ni kwamba kila transfoma iandikwe volti za kuingilia, volti za kutokea ikiwa na mzigo na ikiwa haina, na VA zake za kweli. Kwa wanaounda TDA2030A sasa hivi, chukueni 12-0-12 na kapasita za volti 35, wala msikubali zile za 25, na msiunganishe IC wala spika kabla hamjapima DC kwenye kapasita. Muuzaji akikataa kuipima transfoma mbele yenu, msimpe pesa.