Kufundisha mtoto kinanda sebuleni kwangu nako ni kosa? Hiyo kanuni imeandikwa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo mnivumilie.

Nafundisha watoto kinanda na gitaa nyumbani kwangu, hapa hapa Dar. Nyumba ni yangu, sijapanga. Wanakuja mmoja mmoja, wakizidi sana ni wawili wa tumbo moja. Saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, na Jumamosi asubuhi. Sina bango getini wala spika nje.

Juzi kaja afisa wa manispaa na mgambo wawili. Mtoto wa miaka tisa alikuwa kwenye kinanda, kavaa hedifoni, na sebule nzima kilichosikika ni vidole vikigonga vibonye. Mgambo mmoja kaingia na viatu vyake hadi kwenye zulia. Mtoto akavua hedifoni, akanitazama mimi, akawatazama wao, machozi yanamlengalenga. Karatasi niliyoachiwa imeandikwa "kuendesha shule ya muziki eneo la makazi bila kibali". Nikauliza, kifungu kipi cha sheria? Jibu: "Mama, wewe njoo ofisini."

Ofisini nimepigwa danadana mpaka nimechoka. Wa leseni kaniambia Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, hairuhusu kufanya biashara bila leseni. Sawa, sibishi. TIN ninayo, nipe leseni nilipe. Akataka mkataba wa fremu, yaani chumba cha biashara cha kupanga. Nikamwambia sina fremu, nafundishia kwangu. "Basi nenda mipango miji." Mipango miji wakaangalia hati: matumizi, makazi. Kwa hiyo niombe kubadili matumizi ya ardhi yawe makazi na biashara.

Mliopitia huko mnaijua shughuli yake. Fomu, ada, tangazo, bango la kusudio mbele ya kiwanja ili mwenye pingamizi aseme, halafu usubiri vikao. Utaratibu huo una maana kwa mtu anayetaka kugeuza nyumba kuwa baa, gesti au ghorofa la maduka, kwa sababu mtaa unabadilika na majirani wana haki ya kuulizwa. Mimi sijagusa hata tofali moja. Jioni mtoto akiondoka, kinanda kinafunikwa kitambaa na tunakula hapo hapo. Na sehemu kubwa ya jiji hili haijapimwa, watu wana leseni za makazi au karatasi za mauziano za serikali ya mtaa. Mwalimu wa gitaa wa Manzese au Buguruni asiye na hati abadilishe matumizi ya kitu gani?

Dirisha jingine wakaniuliza usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ninao. Dirisha lingine wakasema kama ni shule niende elimu. Elimu wakasema hii si shule. Sasa kama elimu wenyewe wanasema si shule, ile karatasi ya mgambo inazungumzia nini?

Kilichonifanya nije kuandika hapa ni cha mwisho. Mmoja kanifuata koridoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tunaweza "kuyamaliza kiutu uzima". Nikamwambia nipe namba ya malipo nikalipe benki au kwa simu kama malipo yote ya serikali. Akageuka akaondoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna anayetaka kunionyesha kifungu. Kanuni ikiandikwa ikaeleweka, huyu bwana atakula wapi?

Wanasema kuna jirani kalalamika kelele. Kelele zina sheria yake. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini yake. Waje na kipimo, wasimame ukutani kwa jirani, wapime. Nikizidisha niadhibiwe. Lakini nyuma ya nyumba yangu kuna baa, spika ziko nje, madirisha yanatetemeka mpaka usiku wa manane, na ina leseni imebandikwa ukutani. Mtaa huo huo, makazi hayo hayo. Nyumba ya tatu kuna twisheni ya hesabu, watoto wamejaa kwenye mabenchi chini ya turubai, na siombi ifungwe, inasaidia watu. Naomba tupimwe kwa kipimo kimoja.

Na sisemi walimu wa muziki tuachwe tufanye tunavyotaka. Tarumbeta na dramu kwenye nyumba zilizobanana ni mateso kwa jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Wekeni kanuni: saa za kufundisha, idadi ya wanafunzi kwa wakati mmoja, ala za kelele ziwe kwenye chumba kilichozibwa sauti, magari ya wazazi yasizibe njia. Weka ada ndogo ya mwaka, tutalipa. Kanuni ya namna hiyo inakaa kwenye ukurasa mmoja.

Hiyo fremu wanayonisukumia ndiyo itakayoleta kelele zaidi. Ukuta mmoja na saluni, mwingine na anayechomelea mageti. Mwanafunzi wa gitaa itabidi aongeze sauti ili ajisikie. Halafu kodi ya miezi sita mbele, ada inapanda, mtoto wa mama lishe anaacha. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeweka sanaa bunifu, muziki ukiwemo, kwenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Hao watoto watafundishwa na nani, kama walimu tunafukuzwa majumbani mwetu?

Naomba msaada kwa mambo mawili. Aliyepata leseni ya kufundishia nyumbani, muziki au chochote, ilikuwa manispaa ipi na walikubali nyaraka gani badala ya mkataba wa fremu? Na wanasheria na watu wa mipango miji mliomo humu, kuna kifungu chochote kinachosema somo la mtoto mmoja sebuleni ni kubadili matumizi ya ardhi? Nataka kujibu ile karatasi kwa barua, nakala kwa mkurugenzi, nidai wanitajie kifungu kwa maandishi. Mpaka hapo watoto wanaendelea kuja.

Nawasilisha.