Chole, Juani au Jibondo: tulale kisiwa gani tukiwa na mama wa miaka 71?

Mwalimu wa Morogoro ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka miwili ili tuwapeleke Mafia watoto wetu, wa miaka 12 na 8, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 71 na hajawahi kuvuka bahari maishani mwake. Tuna siku sita, za njiani zikiwemo. Tunaweza kwenda shule zikifungwa Juni au tusubiri Desemba, lakini mara mbili hatutaweza.

Kinachonitatiza ni mahali pa kulala. Nilidhani Mafia ni kisiwa kimoja, kumbe upande wake wa kusini mashariki kuna vingine vinavyokaribiana, yaani Chole, Juani na Jibondo, na kila ninayemuuliza ananisifia kimoja na kukiponda kingine. Mtoto mkubwa anataka kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, mdogo anataka kuona vitoto vya kasa vikikimbilia baharini, na mama anachotaka ni kivuli na njia isiyomsumbua magoti. Naomba ushauri wa watu waliofika.

Mkaazi wa Kilindoni amejibu:

Mwalimu, karibu Mafia, na umfikishie bibi shikamoo yangu. Naomba nianze na mwezi kabla ya kisiwa, kwa sababu hapa kwetu msimu ndio unaoamua utaona nini. Papa potwe hatafutwi Chole wala Juani. Yeye hukaa upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni penyewe, mji wetu mkuu, na huonekana kwa urahisi kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, anapopanda juu kufuata chakula chake, ambacho ni viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Kasa naye hutaga upande wa pili kabisa, kwenye fukwe za mashariki mwa Juani zinazotazama bahari kuu, na mayai mengi huanguliwa kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo Juni ni ya mdogo na Desemba ni ya mkubwa. Atakayekuahidi vyote viwili katika safari moja anakuuzia safari tu.

Mimi ningechagua Desemba. Juni upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, na kivuko kinachotoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kikishaacha mikoko ya delta ya Rufiji na kuingia mkondo wa Mafia, mtu mzima asiyezoea bahari hutaabika sana. Desemba upepo wa kaskazi ndio unaanza na bahari huwa na upole zaidi, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea siku moja au mbili.

Kuhusu kulala, mimi ni mtu wa Chole. Ni kisiwa kidogo, hakina magari, njia zake zinapita chini ya miembe na mibuyu, na bibi anaweza kutembea kidogo kidogo akipumzika. Karne ya 19 makao ya utawala wa Mafia yalikuwa hapo, kabla Wajerumani hawajayahamishia Kilindoni, na magofu ya makao hayo bado yapo, kuta zikiwa zimeshikwa na mizizi ya miti ya jamii ya mikuyu kiasi kwamba huwezi tena kujua ni mti unaoshikilia ukuta au ni ukuta unaoushikilia mti. Kisha kuna popo wakubwa, wenye ndugu zao Komoro na Shelisheli, wanaolala wakining'inia mitini mchana kutwa. Kaeni chini ya mti ule saa kumi na mbili jioni. Mmoja anafungua bawa, anajikuna, anakunja tena, mwenzake anamzomea, halafu ghafla wanaondoka makundi kwa makundi kwenda kutafuta embe.

Mgeni aliyekwama Juani amejibu:

Namuunga mkono ndugu wa Kilindoni kuhusu mwezi, ila kuhusu malazi naomba nitofautiane naye, na sababu yangu ni maji.

Sisi tulikwenda Juani tukiwa na mama mkwe wangu, mwezi ukiwa mpevu, kutazama magofu ya mji wa kale wa Kua. Mwenye boti alituchukua saa mbili asubuhi bila kutueleza lolote kuhusu kupwa na kujaa. Tulipokaribia maji yalikuwa yakikimbia, boti ikakaa juu ya mchanga mbali na ufukwe, na mama mkwe akalazimika kushuka na kutembea kwenye matope yaliyofika nusu ya muundi, viatu mkononi, kanga ameikusanya kiunoni, mimi nimemshika mkono huu na mwanangu mkono ule. Hakulalamika, lakini nilimwona akikaza meno kila mguu ulipozama. Tulipotaka kurudi boti ilikuwa kavu kabisa imelala ubavu, nasi tukasubiri hadi saa nane mchana tukiwa na chupa moja ya maji ya kunywa.

Baadaye mvuvi mmoja mzee pale Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa kinachotazamana na Chole, akanifundisha jambo ambalo ningependa kila mgeni alijue kabla hajalipia chumba. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mbali sana kama saa nne asubuhi, saa ambayo wageni wengi ndio wanataka kuondoka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, wala hayaendi mbali yanapotoka. Mwalimu, chukua kalenda ya mwezi, tafuta siku ya mwezi nusu katika Desemba, na uipange safari yako kuizunguka.

Na mlale Utende. Malazi mengi yako huko, Chole iko mbele ya macho yenu, na barabara ya kwenda Kilindoni iko nyuma yenu. Bibi akiugua usiku, gari litamfikisha hospitali ya wilaya. Akiwa Chole, utaanza kwanza kuuliza maji yako wapi.

Mjukuu wa Jibondo amejibu:

Nasikitika kwamba Jibondo inatajwa tu kisha inaachwa. Ni kweli kwamba si mahali pa kulala na mzee: kisiwa chetu ni cha miamba, hakina maji baridi ya kutosha, na miaka mingi watu wetu wamekuwa wakikinga mvua na kuchota maji visiwa jirani kwa vyombo. Mgeni anayekuja na maji yake ya kunywa anatusaidia bila kujua. Lakini mlete mtoto wa miaka 12 kwa nusu siku amwone fundi wa majahazi akipiga kalafati, akiingiza pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, mshono baada ya mshono, hadi pale ambapo ukucha hauwezi tena kupita. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na akina mama wajifunge kanga wanapopita mitaani, kwani ni vijiji vya Waislamu, huko Chole na Juani vilevile.

Mwalimu wa Morogoro ameandika tena:

Nawashukuru sana, kwa kuwa sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba mwezi angani unahusika na magoti ya mama yangu. Tumekubaliana nyumbani iwe Desemba, siku za maji mafu, na tulale Utende. Mdogo amelia kuhusu kasa, lakini ameahidiwa popo. Je, papa potwe itatulazimu kulala Kilindoni?

Mkaazi wa Kilindoni amejibu:

Nimekubali hoja ya hospitali, dada, sikuipima vizuri. Si lazima mlale Kilindoni, ila siku hiyo mwondoke Utende alfajiri, kwa sababu asubuhi bahari huwa shwari na ni rahisi kuona pezi lake juu ya maji. Mkubwa asimguse wala asiogelee mbele ya kichwa chake. Bibi anaweza kubaki kwenye boti akatazama, kwa kuwa samaki huyu mara nyingi hupita karibu kabisa na ubavu wa chombo. Mtoe fedha taslimu za kutosha mkiwa bado Kilindoni, na mhifadhi stakabadhi ya ada ya hifadhi ya bahari, maana eneo lote la Chole, Juani na Jibondo limo ndani ya hifadhi tangu 1995 na mtaulizwa. Mkishajua tarehe, ziandike hapa nami nitakuangalizia saa za maji kwa kila siku, ili bibi apande na kushuka boti penye kina, bila kukanyaga tope.